Maneno Mia Tatu na Mke wa Mwanangu

Jumatatu, Machi 2

Nimenunua madaftari mawili. Moja ni la maneno yao, hili ni la maneno yangu, na humu hakuna wa kunisahihisha.

Leo Meneja wa hospitali alituita ukumbini wakuu wa vitengo vyote, tukadhani tunapongezwa. Thubutu! Kuanzia Juni fomu zote zitakuwa za Kiingereza, na mkuu asiyejua Kiingereza cha kila siku hana kazi na fomu hizo. Tumegawiwa kijitabu cha maneno mia tatu, kila neno na picha yake: vitu vya nyumbani, vya jikoni, vya mwilini, vya kazini. Tarehe 28 Mei atakuja mtahini na picha mia moja. Ukitaja sabini, unabaki kwenye kiti chako. Zisipofika sabini, kiti anapewa msaidizi wako na wewe unarudi kwenye beseni.

Mimi ndiye mkuu wa dobi ya hospitali hii, mwaka wa kumi na tisa huu. Hakuna shuka inayotoka pale bila mkono wangu kuipitia. Msaidizi wangu ni binti mmoja tunayemwita Lipstiki, na ukimwona huna haja ya kuuliza kwa nini. Kiingereza anacho, alitoka nacho shule. Kufua nimemfundisha mimi. Leo alikaa nyuma yangu, na Meneja alipotamka "msaidizi" nilimsikia akivuta pumzi kama mtu anayenusa chakula.

Jumanne, Machi 3

Nyumba hii tuko watatu: mimi, mwanangu wa pekee, na mke wake. Mke wake ni mwalimu wa chekechea, na shule yake iko hapo nyuma ya nyumba, kengele ikilia naisikia nikiwa kitandani. Ndiyo maana namwita Mwalimu tangu alipoingia, miaka mitatu sasa, na hajawahi kulalamika. Halalamiki kwa lolote. Mtu asiyelalamika namwogopa.

Baada ya chakula nilijikaza kisabuni nikamwomba anifundishe. Niliomba kwa sauti ya kuagiza, lakini niliomba. Alimtazama mume wake, mume wake akatazama sahani. Ndipo akasema, "Nitakufundisha, Mama, kila jioni mpaka siku ya mtihani. Lakini ukifaulu, umfungue mwanao ile ahadi yake. Sisi tuhame."

Ahadi yenyewe ni hii: siku tuliyomzika baba yake, mwanangu alinishika mikono mbele ya watu wote akasema hataniacha peke yangu ndani ya nyumba hii. Sikumwomba. Alisema mwenyewe, na watu walilia. Sasa huyu anataka kuinunua kwa maneno mia tatu.

Nikamwambia, "Unaninyang'anya mwanangu huku unanitazama usoni."

Akasema, "Ndiyo au hapana, Mama?"

Lo, jeuri ile! Mwanangu hakuinua kichwa, maskini, atasema nini na amebanwa katikati? Nikasema ndiyo. Kiti changu nakitaka. Nikishafaulu, tutaona.

Alhamisi, Machi 5

Nilikaa mezani na daftari na kalamu mbili. Akaja akasema, "Simama, Mama."

Kumbe anajua njia moja tu ya kufundisha, ile ya watoto wa miaka minne. Kitabu hakuna, kukaa hakuna. Unaanzia mlangoni. Unashika kitu, unakitaja, unapiga kofi moja, unasogea kwa kinachofuata. Door. Handle. Hinge, ndiyo bawaba. Curtain. Ukikosea hata kimoja, unarudi mlangoni na kuanza upya. Nilikosea kwenye pazia.

"Rudi mlangoni, Mama."

Nikakosea kwenye bawaba. "Rudi mlangoni, Mama." Nikakosea kwenye pazia tena. Mara kumi na moja nimerudishwa kwenye mlango nilioununua kwa jasho langu. Mwanamke wa miaka hamsini na sita nazipigia makofi bawaba!

Tulipomaliza alibandika nyota ya karatasi kwenye daftari langu. Nyota! Nikaibandua, nikaibandika kwenye ndoo ya taka.

Mwanangu aliporudi kutoka kazini aliuliza hata kabla ya kuvua viatu, "Mama, leo yamefika mangapi?" Tisa. "Hongera," akasema, na uso ukamchangamka. Yeye angalau ana moyo.

Ijumaa, Machi 6

Nimerudi mlangoni mara kumi na nne. Sitaki kusema zaidi.

Jumatano, Machi 11

Mvua imeanza. Maneno ishirini na sita.

Jumapili, Machi 15

Leo zamu ilikuwa yangu. Nilimkuta Mwalimu anakunja shuka zilizokauka, anazikunja kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Nikamwambia afungue. Nikamwonyesha kukunja kwa hospitali: pindo linaingia ndani, ncha inabaki juu upande wa kulia, ili muuguzi aivute kwa mkono mmoja na mkono wa pili umshikilie mgonjwa. Akakosea.

"Fungua," nikamwambia.

Akakosea tena. "Fungua." Mara sita, na kila mara niliisema taratibu, kwa utamu. Nilikuwa nafurahi sana, siwezi kuficha. Hakulalamika. Mara ya saba aliikunja vizuri kuliko Lipstiki. Sikumwambia.

Jumanne, Machi 24

Themanini na moja. Mwanangu kauliza tena yamefika mangapi. Kila siku anauliza, hasahau hata akiwa hoi.

Alhamisi, Aprili 2

Mvua siku ya tisa bila kupumzika, na mashine ya kukaushia imekufa. Fundi anasema kifaa lazima kiagizwe. Tumefunga kamba kwenye korido yote ya nyuma, shuka zinaning'inia, madaktari wanapita wameinama na kununa. Wodi ya wazazi walikaa saa mbili bila shuka safi. Saa mbili! Katika miaka kumi na tisa haijatokea.

Katikati ya hayo yote Lipstiki amejaza fomu mpya za Kiingereza, akazipeleka kwa Meneja bila kunionyesha. Nikamuuliza nani kamtuma. Akasema, "Nilikuwa nakupunguzia mzigo, Mama. Hizi zingekusumbua." Alisema "Mama" kama anavyomwambia mgonjwa asiyesikia vizuri. Nilimpeleka kukamua mablanketi mpaka zamu ikaisha.

Nikirudi nyumbani nimelowa hadi magotini, yule mwingine ananisubiri. "Mlangoni, Mama."

Alhamisi, Aprili 9

Leo nimeona kwa macho yangu. Mwanangu alikuwa chumbani kwao anapima kabati kwa futikamba, anaandika vipimo kwenye kiganja. Aliponiona akaificha futikamba mfukoni, kama alivyoficha sukari utotoni nilipomfuma. Najua nani kamtuma.

Nikamfuata Mwalimu jikoni. Nikamwambia yote. Kwamba nilimpokea na begi moja. Kwamba kabati lile lilikuwa la marehemu mume wangu. Kwamba kuna wezi wa kuku, kuna wezi wa nguo, na kuna wezi wa watoto wa watu, na hao wa mwisho wanaingia wakiwa wamevaa shela, wanapigiwa vigelegele.

Aliendelea kuosha vyombo. Nilitaka ajibu. Nilitaka anitukane ili nipate sababu. Alijifuta mikono akasema, "Jana tuliishia kwenye rafu ya juu. Rudi mlangoni, Mama, tuanze."

Ijumaa, Aprili 10

Hatusemezani. Ila masomo yapo. Jioni nzima halikutoka neno la Kiswahili kati yetu. Spoon. Knife. Ladle, ndiyo upawa. Knife nililisema kwa nguvu kuliko mengine.

Jumanne, Aprili 21

Mia moja sabini na tatu. Leo nimetoka mlangoni nikafika hadi bafuni bila kosa hata moja, mswaki, sabuni, bomba, yote. Mwalimu alipiga makofi ya kweli, yakamtoka kabla hajajizuia. Tukatazamana. Nikamuuliza kama chakula kimeiva.

Jumanne, Aprili 28

Kifaa cha mashine kimekuja na si chenyewe. Mvua.

Jumatano, Mei 6

Siku mbaya kuliko zote tangu nishike kazi.

Tulikuwa mezani tunakunja, watu saba. Mia mbili sitini nilikuwa nayo kichwani, nimeanza kutembea na shingo ndefu. Lipstiki akasema, "Mama, tukupime kidogo?" Nikasema nipime. Akatoa kijitabu, akafungua katikati bila mpango, akaniwekea kidole kwenye picha ya upawa.

Kikavu. Kichwa kikawa kikavu. Upawa naujua, nimeupigia makofi mara mia. Lakini kuufikia ilinibidi nianze mlangoni: mlango, kitasa, bawaba, pazia, kiti... Nilikuwa nazunguka sebule yangu kichwani, midomo inacheza, na watu saba wananitazama. Sijafika jikoni, Lipstiki akafungua ukurasa mwingine. Sikio. Sikio nalo liko mbele ya kioo cha bafuni, maana ndiko Mwalimu alikonifundishia viungo vya mwili. Nikaanza safari upya. Picha ya tatu. Ya nne. Hakuna hata moja niliyofika.

"Basi, pumzika, Mama," Lipstiki akasema, akafunga kijitabu. Hakucheka. Angecheka ningemsamehe. Wale wengine waliinamia shuka zao na kuzikunja kwa bidii.

Niliingia chumba cha boila nikalia. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi, Mei 7

Jana niliporudi nyumbani nilimwambia Mwalimu amenifundisha kama kasuku. Nikamwambia alifanya makusudi. Halafu nikajisikia nasema ujinga, maana nikifeli yeye hahami, kwa nini afanye makusudi? Lakini nilishaanza, na mimi nikianza ndiyo basi.

Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu alinijibu.

"Makusudi?" akasema. "Mimi natoka kwa watoto arobaini wanaokojoa na kulia. Nakuja hapa kwa mwanafunzi mmoja anayenitukana kila jioni. Watoto wangu wanashukuru, Mama! Wana miaka minne na wanashukuru!" Akatupa kitambaa mezani. "Kama nimekosea, nimekosea. Watoto nawafundisha darasani na vitu havitoki mahali pake. Sikuwahi kuwapa mtihani wa picha. Sikujua!"

Mwanangu alitoka chumbani akauliza kama mtihani umeahirishwa. Sote wawili tukamwambia anyamaze.

Ijumaa, Mei 8

Nimerudi kutoka kazini nikakuta nyumba imeingiliwa na wendawazimu. Ndoo iko juu ya kitanda changu. Upawa umening'inia kwenye pazia. Mto uko kwenye sinki, mswaki kwenye sukari, viatu vyangu vya kutokea vimepangwa juu ya jiko. Kioo cha bafuni amekilaza sakafuni sebuleni.

Mwalimu alikuwa amesimama katikati, jasho linamtoka, nywele timutimu. "Hakuna mlango tena, Mama," akasema. "Mimi nasema neno, wewe unakitafuta. Kesho vyote vitahama."

"Ladle," akasema.

Nilitazama jikoni, nikamaka. Akasubiri. Nikautafuta nyumba nzima, nikajikwaa kwenye kioo, nikauona upawa kwenye pazia, nikauchomoa kama mtu anayemkamata mwizi. Tulifanya hivyo mpaka mwanangu aliporudi. Akaenda kujitupa kitandani, akakalia sufuria. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Mwalimu naye alicheka. Yeye mwanangu hakucheka. Aliuliza, "Sasa mtafika?"

Jumatano, Mei 13

Chumvi nimeikuta ndani ya kiatu. Nimeijua kabla sijaishika.

Jumamosi, Mei 16

Mvua ilikatika asubuhi, jua likatoka nusu saa. Nilimkuta Mwalimu dirishani anaitazama shule yake, watoto hawapo, viti vidogo vimeanikwa uani. Uso ulikuwa umemshuka. Nikamuuliza kulikoni. "Hakuna kitu, Mama," akasema, akaondoka.

Nikadhani ni mjamzito. Nikakasirika siku nzima, kwamba mjukuu wangu ataenda kuzaliwa kwa majirani nisiowajua. Jioni tulifanya maneno arobaini na nikayajibu yote kwa hasira. Hasira inanisaidia kukumbuka.

Jumanne, Mei 19

Mashine imepona. Lipstiki kaanza kukalia kiti changu nikienda chooni.

Ijumaa, Mei 22

Leo Mwalimu aliniuliza, "Mama, ukifaulu, utaweza kukaa peke yako?" Nikamwambia hiyo si kazi yake, yeye aliyeleta mkataba asinionee huruma. Akasema sawa. Halafu akasema, "Elbow." Nikashika kiwiko changu. Akasema, "Shoulder," na mimi, sijui kilichonipata, nikashika bega lake badala ya langu. Nikauondoa mkono upesi.

Jumatano, Mei 27

Sijala. Mvua kubwa.

Alhamisi, Mei 28

Naandika na kalamu ya Mwalimu, yangu imeisha wino.

Mtihani ulifanyika ofisi ya Meneja. Mtahini ni mwanamume mwembamba mwenye tai iliyochakaa, alinipungia niketi kama anafukuza inzi. Meneja alikaa dirishani. Lipstiki aliingia kuleta faili fulani, akasahau kutoka, akasimama karibu na kabati. Kila mtu alimwona na hakuna aliyemwambia aondoke.

Picha zilikuwa kwenye kadi. Ukipatia, kadi inawekwa kushoto. Ukikosa, kulia. Anasubiri kidogo tu, kisha anageuza.

Kadi ya kwanza ilikuwa mwavuli, nikaisema. Ya pili kijiko. Ya tatu ilikuwa kitu cha bustani ambacho hatukuwa nacho nyumbani, ikaenda kulia. Halafu zikaja kiwiko, jagi, kufuli, kisigino, na kila moja niliiona palipokuwa si pake, jagi chini ya meza, kufuli ndani ya soksi, na neno lake likitoka nalo. Mtahini alianza kwa kuboreka. Kufikia kadi ya thelathini alikuwa amekaa wima. Lipstiki aliacha kujifanya anatafuta faili.

Zilizoenda kulia zilikuwa nyingi pia, sisemi uongo. Vifaa vya ofisini vilinichapa. Kuna kidude cha kutobolea karatasi nilikiita mdomo wa nguruwe kwa Kiswahili, Meneja akakohoa.

Sasa, mimi nimehesabu shuka kwa macho miaka kumi na tisa. Ukiniwekea robota nitakuambia ni ngapi bila kuligusa. Kwa hiyo nilijua rundo la kushoto lilipofika sitini na tisa, kabla hata Mtahini hajajua. Kadi iliyofuata ilikuwa foronya.

Foronya! Naosha mia nne kwa siku. Neno lilikuwa tayari limekaa kwenye ulimi. Na hapo ndipo nilipowaza: nikilisema hili, mwanangu anaondoka. Nikilimeza, yupo. Zilikuwa zimebaki kadi kumi na mbili, na ningeweza kuzimeza zote, nikarudi nyumbani nikasema jamani nimejitahidi, Mungu hakupenda. Nani angejua? Nisingekuwa na kiti, lakini asubuhi ningesikia viatu vyake sakafuni. Mtahini alianza kuigeuza kadi. Nikamtazama Lipstiki. Alikuwa amesogea, ameshaweka mkono juu ya mgongo wa kiti nilichokalia.

"Pillowcase," nikasema. Nilisema kwa nguvu mpaka Meneja akageuka.

Baada ya hapo sikujizuia tena. Zimefika sabini na nane. Mtahini alinipa mkono, Meneja akanipa mkono. Lipstiki akasema, "Hongera, Mama," akatoka bila faili.

Nilipofika nyumbani Mwalimu alikuwa mlangoni, na unga mikononi. Nikamwambia sabini na nane. Alijibwaga kwenye kiti akajifunika uso na mikono ile ile, unga ukamjaa mashavuni. Nikadhani ni furaha ya kuhama. Mwanangu alisema, "Hongera sana, Mama!" Akanikumbatia haraka, akatoka nje na simu. Nilimsikia kupitia dirishani akimwambia mwenye lori, Jumapili asubuhi, Jumapili hii hii.

Ijumaa, Mei 29

Nilikaa na jambo hili kutwa nzima pale dobi, kwenye kiti changu, na kiti hakikuwa kitamu nilivyofikiri. Jioni niliwaita wote wawili mezani.

Nikasema, "Nimekubali mkataba na sirudi nyuma, mwanangu nimekufungua ahadi yako mbele ya mkeo. Lakini nina neno moja, kisha mfanye mtakalo. Kaeni. Chumba cha mbele nitawapa ninyi, kile kikubwa. Nitapunguza mdomo. Nimezoea... tumezoeana." Maneno hayo nilimwambia Mwalimu, nikimtazama yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyetaka na yeye ndiye wa kuamua. Sijawahi kumbembeleza mtu hivyo, hata marehemu.

Mwalimu alimgeukia mume wake. "Mwambie," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie wewe. Mimi nimechoka kuwa mtu mbaya ndani ya nyumba hii."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Halafu mwanangu akasema, "Mama, si yeye. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi ninayetaka kuhama. Tangu mwaka ule wa kwanza wa ndoa yetu. Nyumba hii inanibana, Mama. Kila nikigeuka uko hapo, unaniangalia kama nitavunjika. Lakini niliahidi mbele ya watu, ningeanzia wapi kukwambia? Ulipoomba kufundishwa nikaona njia. Nikamwomba yeye aseme."

"Kwa nini yeye?"

Alitazama meza. "Kwa sababu yeye ulikuwa tayari humpendi."

Kila jioni amekuwa akiniuliza yamefika mangapi, na mimi namwonea fahari, namuona ana moyo. Alikuwa anahesabu siku zake za kutoka! Futikamba ilikuwa yake. Lori lilikuwa lake. Na huyu mwingine amesimama hapa miezi mitatu, ameitwa mwizi jikoni kwangu, akajifuta mikono akaendelea kunifundisha.

Nikamuuliza Mwalimu, "Na wewe? Wewe hukutaka?"

"Shule yangu iko hapo nyuma, Mama," akasema. "Huko tunakokwenda nitatembea saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Nitake nini?" Alikuwa analia sasa, kwa hasira, kama ninavyolia mimi. "Lakini ni mume wangu. Aliniomba."

Niliona aibu, nimeiandika ili isinikimbie. Miaka mitatu nimemchukia mtu asiyehusika. Na chuki hiyo sasa sijui niiweke wapi, maana huyu anayehusika nimemzaa mwenyewe, nimemlisha, nimemfulia. Nikamwambia atoke mbele yangu kabla sijamrushia kitu. Akatoka. Tulibaki wawili mpaka taa ikahitaji kuwashwa.

Jumamosi, Mei 30

Nimemsaidia Mwalimu kufunga vitu. Nimemwomba radhi. Nilimwomba kwa sauti ya kuagiza, akasema amezoea. Mume wake alikuja kuuliza kama nahitaji msaada, nikamwambia mwenye kuhama ndiye anayebeba.

Jumapili, Mei 31

Lori lilifika saa tatu, na manyunyu bado. Kabati lilipanda, vitanda vikapanda, masanduku ya vitabu vya watoto yakapanda. Majirani walitoka kutazama. Mmoja wao akanipa pole, akaninong'oneza, "Wanawake wa siku hizi hawafai." Nikamwambia aangalie nyumba yake na aniachie mkwe wangu. Amenuna. Anune.

Mume wa Mwalimu alikuja mbele yangu na kofia mkononi, analowa. Alitaka kunikumbatia. Nikaushika mwavuli kwa mikono miwili. Alisimama kidogo, akasema, "Mama, usinikasirikie," akaenda kupanda upande wa dereva, akakaa katikati. Mwalimu alikaa dirishani. Injini ilikuwa imeshawaka.

Nikasogea kwenye dirisha. Akashusha kioo. Macho yalikuwa mekundu, yangu nayo sijui yalikuwaje. Nikaweka mkono juu ya mkono wake.

"Safari njema, mwanangu," nikasema. "Ukichoka na huko, njoo."

"Asante, Mama," mume wake akajibu kutoka ndani, akainama anione. "Nitakuja Jumapili ijayo."

"Sisemi na wewe," nikamwambia.